Kutoka Makadara hadi Githunguri kumtafuta mwenye ng'ombe

KABLA jua halijachomoza juu ya mapaa ya Mji wa Kale, shangazi yangu huwa amekwisha kuwasha majiko yake mawili mlangoni pake hapa Makadara, Mombasa. Jiko moja ni la mahamri. La pili ni la sufuria ya chai ya maziwa, yenye iliki na tangawizi, ambayo harufu yake humwamsha hata jirani ambaye adhana haikumwamsha. Wateja wake ni vijana wa mikokoteni wanaoelekea Marikiti, wanafunzi, makarani wa mahakamani, na wazee wawili watatu ambao hudai wamekuja kununua hamri moja tu kisha wakakaa hadi saa mbili.

Biashara hiyo imesomesha watoto wanne. Lakini tangu kiangazi kile kikali cha 2022, pakiti ya nusu lita ya maziwa ilipovuka shilingi 60 madukani, shangazi amekuwa na ugomvi na dunia nzima. Akipandisha bei ya kikombe, vijana wa mikokoteni wananuna. Akipunguza maziwa, wanamwambia chai yake imekuwa maji ya kuoshea vikombe. Msomaji, kwa mama wa Kimombasa anayejua kupika, hilo ni tusi lisilosahaulika.

"Wewe ni mwandishi wa gazeti," aliniambia siku moja huku akipasua pakiti kwa meno. "Kazi yako ni kuuliza watu maswali. Hebu nenda huko bara ukawaulize hao wenye ng'ombe, pesa zangu wanazifanyia nini?"

Nilicheka. Binti yangu, ambaye yuko gredi ya sita na ambaye husoma kila kilichoandikwa, hakucheka. Aliiokota pakiti ile, akaigeuza na kusoma kwa sauti: Githunguri. Kisha akauliza kama ni mbali.

Lazima nikiri kwamba nilikuwa sina jibu la maana. Watu wa pwani maziwa yetu ya kwanza ni tui la nazi. Shangazi anakumbuka akina mama wa Kigiriama waliokuwa wakileta maziwa mjini kutoka upande wa Mariakani, na kaka zangu wakubwa hawachoki kutusimulia juu ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ambayo serikali ya Rais Moi ilianza kugawa katika shule za msingi mwaka wa 1979. Mimi nilizaliwa nimechelewa. Yalipokuja kunifikia mimi yalikuwa hadithi. Ama binti yangu, mnyama anayemjua ni mbuzi anayezurura vichochoroni akila maboksi, na ng'ombe wa kwake ni yule aliyechorwa kwenye pakiti.

Basi likizo ya Agosti ilipofika tulifunga safari. Nilikuwa na mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha uandishi, mzaliwa wa Githunguri, ambaye mama yake ni mfugaji. Alimpigia mama simu, mama akasema tuje, ila tusisahau sweta. Shangazi naye alifunga iliki, mdalasini na pilipili manga katika karatasi, akaniambia nimpelekee mwenye ng'ombe. Zawadi kwanza, maswali baadaye.

Treni ya asubuhi ilitutoa Miritini na kutufikisha Nairobi mchana. Tukalala kwa jamaa. Alfajiri ya siku ya pili tukapanda matatu ya kupitia Kiambu. Ukiacha mji wa Kiambu nyuma, barabara inaanza kupanda na kushuka kama mashua ya Kilindini siku ya kusi. Kulia ni mashamba ya kahawa, kushoto ni migomba na nyumba za mawe, na kila penye nafasi ya kutia mguu pameoteshwa majani marefu ya ng'ombe, yale ya Napier, hata kwenye kingo za barabara. Baada ya Ngewa ukungu ulitufunika kiasi kwamba dereva aliwasha taa. Binti yangu alivaa sweta mbili na bado alikuwa akitetemeka. "Baba," aliniuliza, "hapa ni Kenya?"

Githunguri si mji mkubwa. Una barabara kuu, soko, makanisa, benki, maduka ya dawa za mifugo mengi kuliko ya dawa za binadamu, na pikipiki zenye mikebe ya maziwa iliyofungwa nyuma kwa mipira. Mgeni anayepita kwa haraka angedhani ni mji kama miji mingine ya milimani. Lakini historia ya mahali hapa ni nzito, na mzee mmoja tuliyemkuta akinywa uji karibu na kituo cha matatu alituanzishia somo bila kuombwa, aliposikia tu tunatoka Mombasa.

"Kenyatta alishukia kwenu," alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyempokea mizigo.

Ni kweli. Mzee Jomo Kenyatta alirejea nchini kwa meli Septemba 1946, akashukia Mombasa baada ya kukaa Ulaya kwa miaka 15 mfululizo. Na alikoelekea kufanya kazi ni huku Githunguri, katika chuo cha ualimu kilichoanzishwa mwaka wa 1939 na Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, aliyekuwa amesomea Marekani. Chuo hicho hakikujengwa na serikali wala wamishonari. Wakikuyu walikuwa wametofautiana vikali na wamishonari mwaka wa 1929 juu ya suala la tohara ya wasichana, wakaanza shule zao wenyewe, na shule zikahitaji walimu. Pesa zilichangwa na watu wa kawaida kwa kufuata marika, kila rika likishindana na jingine lisije likaaibika. Kenyatta alikuja kuwa mkuu wa chuo mwaka wa 1947. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wakoloni walikifunga.

Huenda msomaji akauliza, hayo na maziwa yanahusianaje? Mimi pia nilijiuliza hivyo nikiwa nimesimama pale kwenye baridi. Ngoja kidogo.

Wakati chuo kile kikijengwa, maziwa ya kuuzwa mijini yalikuwa mali ya walowezi. Wao walikuwa wameanzisha shirika lao la KCC huko Naivasha mwaka wa 1925, wakawa wanatengeneza siagi iliyopakiwa kwenye garimoshi hadi bandarini kwetu na kupelekwa Uingereza. Mkulima Mwafrika hakuwa na kiti kwenye meza hiyo. Ng'ombe wa kizungu walihesabiwa kuwa si wa kwake. Ni Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, uliotungwa katikati ya vita vya Mau Mau kwa matumaini ya kuwatuliza watu, uliofungua njia kwa wakulima wadogo kupewa hati za mashamba, kupanda mazao ya kuuzwa na kufuga ng'ombe wa gredi.

Halafu mwaka wa 1961, ule ule ambao Kenyatta aliachiliwa na kurudi nyumbani Gatundu, wakulima 31 wa Githunguri walikutana na kuandikisha ushirika wa maziwa. Thelathini na mmoja tu! Wengi wao, naamini, walikuwa wamekulia katika zile harambee za marika. Hawakuhitaji kufundishwa namna ya kutoa kidogo kidogo mpaka kitu kikasimama.

Tulifika kwa mama wa mwenzangu saa tatu asubuhi. Nitamwita Mama, kwa kuwa ndivyo alivyotutaka tumwite. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa na buti za mpira. Alimtazama binti yangu aliyekuwa amejikunyata, akasema, "Kairitu haka katakufa," kisha akampa kikombe cha chai. Ilikuwa chai nzito, ya maziwa mengi kuliko maji. Nilimtolea iliki ya shangazi. Alinusa karatasi kwa muda, akaenda nayo jikoni, na chai iliyofuata ilikuwa imekwisha kuzaliwa upya. Tangu hapo tukawa watu wa nyumbani.

Shamba lake ni robo tatu ya ekari. Hapo pana nyumba, choo, mboga, migomba, na zizi la mbao lenye sakafu ya saruji lililogawanywa vyumba kama bweni. Ndani yake kulikuwa na ng'ombe watatu aina ya Friesian, weusi wenye mabaka meupe, na ndama mmoja. Hawatoki nje maisha yao yote. Binti yangu aliwahurumia, akauliza kwa nini wamefungwa kama wahalifu.

Mama hakukasirika. Kwanza, alieleza, hakuna mahali pa kuwapeleka. Akifungua mlango ng'ombe anaingia kwa jirani. Pili, anayetembea nyikani anaokota kupe, na kupe huleta ndigana, ugonjwa unaoweza kumwua ng'ombe wa gredi kwa muda wa majuma machache. Kwa hiyo badala ya ng'ombe kwenda kwa majani, majani huja kwa ng'ombe. Ufugaji huu wa zizini ulienezwa sana nchini kuanzia mwaka wa 1980 kupitia mradi wa serikali yetu na ile ya Uholanzi, na hata kwetu pwani, Kilifi na Kwale, ulijaribiwa. Huko kwetu kuna adui zaidi: kuna joto, ambalo humfanya Friesian ahemeke na kukataa kula, na kuna mbung'o. Kuna wafugaji pwani wanaofaulu, na wanastahili makala yao. Ila nilipoguswa na upepo wa Githunguri nilielewa kwa nini ng'ombe hawa wanapendelea huku.

Jioni hiyo tulikata majani, tukayakatakata kwa panga na kuyachanganya na chakula cha dukani. Mgongo wangu wa mezani ulilalamika. Ng'ombe mmoja hunywa maji ya ndoo kadhaa kwa siku, na ndoo hizo hazijibebi.

Tuliamshwa saa kumi na nusu alfajiri. Giza totoro, na baridi ya kutafuna mifupa. Mama aliosha mikono, akaosha kiwele cha ng'ombe wa kwanza kwa maji ya moto na kitambaa, akakikausha. Kabla ya kuanza kukamua aliyatoa matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi na kuyamulika kwa tochi.

"Nikiona madonge madonge," alisema, "kiwele ni kigonjwa. Nikidungia ng'ombe dawa, maziwa yake siyapeleki kwa siku kadhaa mpaka daktari aseme. Dawa hiyo ingefika kwenye chai ya huyo shangazi yako."

Hapo nilinyamaza. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna mtu milimani, saa kumi na nusu alfajiri, anayeifikiria chai ya Makadara.

Binti yangu alipewa chuchu moja ajaribu. Alivuta mara tatu, hakuna kitu. Mara ya nne kikatoka kijimfereji chembamba kikamwingia kwenye buti. Alipiga yowe la furaha ambalo nadhani walilisikia Limuru.

Wale ng'ombe wawili walitoa lita 17 asubuhi hiyo. Lita mbili zilibaki za nyumbani na za ndama, na zilizosalia zikaingia kwenye mkebe wa aluminiamu. Tukaandamana na Mama hadi kituo cha kukusanyia maziwa, mwendo wa dakika kumi na tano. Njiani watu walikuwa wakitokea gizani kutoka kila kichochoro: wanawake wenye mikebe mgongoni, vijana wa pikipiki, mzee na baiskeli, mtoto wa shule mwenye galoni ndogo ya lita tatu. Wote walikuwa wakielekea kituoni, na hakuna aliyezungumza sana.

Kituoni karani alikuwa na vyombo vyake mezani. Alitumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea ili ajue kama maziwa yametiwa maji, kwa kuwa maziwa yakiongezwa maji huwa mepesi na kipimo huzama zaidi. Halafu alichota kidogo na kuchanganya na spiriti. Yakikatika na kufanya chembechembe, yameanza kuchacha, na hayaingii. Yakipita, hupimwa uzito, na mkulima huandikiwa. Hakuna undugu hapo.

Kijana mmoja mbele yetu maziwa yake yalikatika. Kama lita kumi na mbili hivi. Karani alirudia mara ya pili ili amwonyeshe kwa macho yake mwenyewe. Kijana hakubishana. Alifunika mkebe wake na kugeuka alikotoka, na watu wakampisha njia bila kumtazama usoni, kama watu wanavyowapisha wafiwa. Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda hakuuosha mkebe vizuri jana, au aliyachanganya ya jioni na ya asubuhi. "Leo amefanya kazi ya bure," alisema. "Ng'ombe amekula, yeye hatakula." Ikiwa maziwa hayo yangemwagwa kwenye tangi pamoja na ya wenzake, yangeharibu ya kijiji kizima.

Kutoka vituoni malori huyapeleka maziwa kiwandani, pale pale Githunguri. Na hapa ndipo penye fahari ya mji huu. Kwa miaka zaidi ya arobaini ushirika ulikuwa ukikusanya maziwa mabichi na kuyauza kwa wengine, KCC ikiwa mnunuzi mkubwa. Biashara ya maziwa ilipoachiwa huria mwaka wa 1992, KCC iliyumba. Katika sehemu nyingi za nchi wakulima walikaa miezi bila kulipwa. Wako waliouza ng'ombe, wako waliomwaga maziwa mitaroni. Shirika hilo liliuzwa mwaka wa 2000 na serikali ikalirejesha mkononi mwake mwaka wa 2003, ndipo likaja kuitwa New KCC. Wakulima wa Githunguri waliamua kutongoja. Walikopa, wakajenga kiwanda chao, na mwaka wa 2004 pakiti za kwanza zenye jina la Fresha zikatoka. Wale 31 leo ni zaidi ya 20,000, na kiwanda hupokea zaidi ya lita 200,000 kwa siku.

Tulivishwa makoti meupe, kofia na buti, tukapitishwa kwenye maji yenye dawa, ndipo tukaingia. Sitaki kumchosha msomaji na mabomba. Yatosha kusema kwamba maziwa ya pakiti ya kawaida hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, njia iliyobuniwa kutokana na utafiti wa Mfaransa Louis Pasteur, kisha hupozwa ghafla, na lazima yabaki kwenye baridi hadi mezani. Yale ya muda mrefu, ambayo sisi wa Mombasa huyapenda kwa sababu ya joto letu na kupotea kwa umeme, hupandishwa kupita nyuzi 135 kwa sekunde chache tu na kufungwa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Hayo hukaa miezi bila jokofu. Wanafunzi wanaosoma sayansi wangefaidika sana kuletwa hapa. Somo ambalo mimi nililikariri kwa viboko, binti yangu alilielewa kwa dakika tano.

Sasa turudi kwa swali la shangazi, maana sikuwa nimelisahau.

Usiku wa pili, baada ya kula mukimo, nilimweleza Mama habari zote za jiko la mlangoni, kiangazi cha 2022 na lile tusi la maji ya kuoshea vikombe. Alisikiliza kwa makini, akaingia chumbani na kurudi na daftari la shule. Ni mhasibu aliyeishia darasa la saba.

Ng'ombe wakiwa wazima, alisema, hupeleka takriban lita 30 kwa siku. Bei aliyokuwa akilipwa haikuwa mbali na shilingi 50 kwa lita, kiwango ambacho serikali iliitaka New KCC iwalipe wakulima tangu Machi 2024. Hiyo ni kama shilingi 1,500 kwa siku, au 45,000 kwa mwezi. Binti yangu alipiga mluzi. Ngoja kwanza. Toa chakula cha dukani, ambacho huchukua dukani kwa ushirika na kukatwa kwenye hesabu ya maziwa. Toa majani ya kununua, kwa kuwa yake hayatoshi. Toa chumvi, daktari, mbegu ya kupandishia, na kijana anayemsaidia. Hubaki chini ya theluthi moja, na hapo hakuna ng'ombe aliyeugua. Mwaka uliopita mmoja aliharibu mimba, na kwa miezi mingi alikula bila kutoa kitu.

"Mwambie shangazi yako," alisema, "pesa zake sijaziona."

Basi ziko wapi? Lita ambayo Mama hulipwa kama shilingi 50, shangazi huinunua kwa pakiti mbili zinazopita shilingi 120. Katikati yao kuna karani na lori la kituo, kuna kuni na umeme wa kiwandani, kuna karatasi ya pakiti yenyewe, halafu kuna barabara. Pakiti inayokuja kwetu hukata zaidi ya kilomita 500 kutoka milima hii, ipite Mtito Andei na Voi, ipange foleni kwenye mizani ya Mariakani, ndipo ikutane na mwenye duka wa jumla, mwenye duka la rejareja, na jokofu lake linalokula umeme usiku kucha. Sikumpata mwizi mmoja wa kumnyoshea kidole. Nilipata mikono mingi, kila mmoja ukichukua chake.

Kuna tofauti moja ambayo Mama aliitilia mkazo mpaka akapiga meza. Anayeuzia mchuuzi wa njiani anaweza kupata shilingi mbili tatu zaidi leo, hasa wakati wa kiangazi. Mvua ikija na maziwa yakijaa, mchuuzi hatokei. Ushirika hutokea. Mshahara wake, ndivyo anavyouita, huingia kila mwezi kwenye chama chao cha akiba na mikopo, na kwa mshahara huo amesomesha mwenzangu niliyekaa naye dawati moja chuoni. Nilimtazama mwenzangu. Miaka yote ile hakuwahi kuniambia kwamba karo yake ilikuwa ikikamuliwa.

Nililolikuta Githunguri lenye kuumiza si bei. Ni ardhi. Mama ana wana watatu. Wawili wako Nairobi, na mmoja amekwisha kuomba sehemu yake ajenge. Robo tatu ya ekari ukiigawa kwa tatu, zizi linabaki bila majani, na majani yote yatakuwa ya kununua. Nairobi nayo inakuja. Tulipokuwa tukipita Kiambu niliona mashamba ya kahawa yaliyong'olewa na kupandwa vigingi vya viwanja. Ekari ikiuzwa hupata pesa ambazo ng'ombe hawezi kuzileta kwa miaka. Nilimwuliza Mama atafanya nini. Alisema hajamjibu mwanawe. Akaongeza kwamba ng'ombe yule mkubwa ana mimba, atazaa Januari, na hakuna mtu anayegawa shamba ng'ombe akiwa na mimba. Sijui kama ni desturi ya Wakikuyu au aliibuni papo hapo.

Tuliondoka asubuhi ya tatu na debe dogo la maziwa mabichi ambayo ilibidi tuyachemshe Nairobi na kuyanywa huko huko. Msomaji anayetaka kwenda, na ningemshauri aende na watoto, aandikie afisi ya ushirika mapema kuomba ruhusa ya kuona kiwanda, avae viatu vinavyoweza kuoshwa, na asiingie zizi la mtu kabla ya kukaribishwa. Wafugaji wanaogopa magonjwa yanayoletwa kwa nyayo. Matatu za kutoka Nairobi ni nyingi. Sweta si hiari.

Makadara nilimkuta shangazi akikanda unga. Nilimpa hesabu yote, kutoka kikombe cheusi hadi mizani ya Mariakani. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi.

"Shilingi hamsini?" aliuliza.

"Hamsini, shangazi. Na humo ndimo anamolisha ng'ombe."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama iliki ilimfaa. Binti yangu akamwambia kwamba Mama ameomba nyingine, na kwamba yuko tayari kutuma siagi ya kujitengenezea kama akipatikana wa kuileta.

Bei ya kikombe haikushuka, na sikutazamia ishuke. Lakini Jumamosi iliyofuata kijana mmoja wa mkokoteni alipoanza wimbo wake wa chai kuwa nyepesi, shangazi alimwita karibu, akamkalisha kwenye kibao, na kumsimulia habari za mjane wa Githunguri anayeamka saa kumi na nusu kumulika maziwa kwa tochi. Alisimulia kana kwamba alikuwako. Hata ukungu aliutaja.

Sasa anataka kwenda mwenyewe, Disemba, akamwone ng'ombe mwenye mimba kabla hajazaa. Nimemwambia atafute sweta. Ameniambia atavaa mabuibui mawili.